Chungu cha Karanga na Baba Asiyekimbia

Rehema mwanangu,

Marahaba.

Najua hujaniamkia. Tangu siku ile ya maneno yetu unapita uani umeinamisha uso kama mtu aliyedondosha hereni. Shikamoo unampa mama mwenye nyumba, unampa hata muuza maji, mimi unaniruka kama dimbwi. Sawa. Naitanguliza marahaba yangu hapa ikae, siku ukiihitaji utaikuta. Hakuna mtu Kariakoo nzima anayejua kuliko mimi kinachotokea shikamoo ikikosa wa kuipokea.

Kesho unaondoka. Sitakuandikia habari za kuchemsha maji na kufunga milango. Tanga kuna maji na kuna milango, na Salim ana mama, na kwa jinsi nilivyomwangalia yule mama, chumvi utaikosea mara moja tu maishani. Hayo utafundishwa kwa ukali wa kutosha. Mimi nakuandikia habari ya chungu.

Shangazi yako Debora amekinunua. Nimekiona kwa macho yangu chini ya kitanda chake, kipya, kimejaa karanga na bisi mpaka shingoni. Kesho asubuhi yeye na akina mama wa maombi watasimama kule mwisho wa mtaa, pale gari la akina Salim litakapokungojea, maana humu ndani halipenyi kwa meza za wamachinga. Wewe utafika na begi lako. Wao watakipasua miguuni pako mbele ya watu wote, watangaze kwamba Rehema amekatwa na watu wake, na watoto wataokota karanga wakikuimba.

Unajua walikojifunza. Kwangu.

Nilikuwa mtu, Rehema. Usinione leo nimekaa kwenye kigoda nasugua soli za mitumba ukadhani nilizaliwa hivi. Mchikichini nzima ilikuwa ikiniita Rabi. Wauza viatu wako wengi, lakini muuza viatu gani mwingine alikuwa anakueleza kwamba kwa Wayahudi wa kale biashara ilikuwa haijafungwa mpaka mtu avue kiatu chake ampe mwenzake? Kimo katika habari za Ruthu na Boazi, mtu anavua kiatu mbele ya wazee langoni, imekwisha, hakuna kurudi nyuma. Nilikuwa nawaambia wateja, "Boazi alipewa kimoja akashukuru. Mimi nakupa viwili na bado unanuna!" Walikuwa wanacheka wananunua. Sikumaliza shule ya msingi, lakini waliomaliza vyuo walikuwa wanasimama na mikoba yao kunisikiliza pale Mnazi Mmoja saa ya mchana.

Nusu ya niliyosema yalikuwa kweli. Nusu nyingine Mungu anisamehe. Lile lango la Yerusalemu linaloitwa Tundu la Sindano, ambalo ngamia alikuwa anapita akipiga magoti, nimelihubiri mpaka sauti ikakauka. Baadaye nikaambiwa halikuwahi kuwepo. Mimi nililipata kwa fundi simu.

Basi akaja yule mwalimu. Kijana mwembamba, miwani mikubwa kuliko uso, suruali imeishia juu ya kifundo. Alialikwa pale kanisani kwetu kufundisha desturi za Wayahudi, na mimi nikakaa mstari wa mbele kwenda kumkosoa. Akaanza na yule baba mwenye wana wawili. Akatuambia, mtoto kudai fungu lake baba akiwa hai, kwa watu wale ilikuwa sawa na kumwambia, "Kufa basi, unanichelewesha." Halafu akaleta jambo ambalo sikuwahi kulisikia. Kwenye vitabu vya marabi wa zamani, akasema, imo desturi ya kumkata mtu na ukoo wake, kwa kuuza urithi kwa watu wa nje, au kwa kuoa isivyostahili. Watu walikuwa wanajaza chungu kokwa na bisi, wanakivunja mbele za watu na kutangaza kwamba fulani amekatwa. Watoto waliachiwa waokote, ili wakikua wakumbuke. Wako wanaoona, akasema, kwamba hicho ndicho kilichokuwa kinamngoja yule mwana mpotevu kijijini kwao.

Rehema, nywele zilinisimama. Nikaona kabisa nimesimama Mnazi Mmoja nalisema lile neno, na watu midomo wazi.

Mwalimu akasema, "Sasa tunywe chai. Tukirudi nitawaonyesha yule baba alifanya nini kuhusu chungu hicho."

Sikurudi. Nilichukua andazi langu nikatoka nalo mkononi, mbio mbio, wasije wengine wakanitangulia kulisema. Ndiyo mara ya mwisho nilipofanya haraka maishani mwangu, na ilikuwa kwa ajili ya sifa.

Wakati huo kaka yako Amosi alikuwa Sauzi. Unajua habari ya fremu yetu ya duka kule Mchikichini, sitaimalizia wino. Alidai fungu lake, nikamgawia ile fremu kwa hasira, akaiuza, akaondoka bila kuniaga, na tukawa tunasikia tu kwa watu kwamba analala huku, anakunywa kule. Kwa hiyo mchana ule, nilipokwisha kuwaeleza watu chungu kinavyovunjwa, mtu mmoja nyuma akapaza sauti: "Rabi! Na wako akirudi?"

Mdomo wangu haujawahi kungoja akili. Nikasema, "Wangu akirudi, mtakula karanga mpaka mvimbiwe!"

Walicheka mpaka wakashikana mabega. Nikacheka nao. Tangu hapo kila nilipopita: "Rabi, karanga lini?" Nami badala ya kusema yaishe, nikanunua chungu kabisa nikakiweka juu ya kabati. Mama yako alikuwa ameshalala udongoni. Wakati mwingine naona alipendelewa.

Amosi akarudi mchana, jua limesimama. Unakumbuka? Ulikuwa na lile gauni la njano. Alitokea kule kwenye kona ya muuza vitambaa, amekonda hata shati linamvaa yeye, mkononi mfuko wa plastiki. Waliomwona kwanza hawakumsalimia, walikuja kuniita mimi. "Rabi, toka, karanga zimeiva!" Nilipotoka kibarazani mtaa umeshajaa. Nilikuwa nimevaa koti. Nilikwenda kulivaa kwanza, Rehema, mtoto yuko njiani na mimi natafuta koti.

Akafika. Akanyanyua uso akatabasamu kidogo, meno yake yalikuwa yamepungua. Akasema, "Shikamoo baba."

Sikuitikia.

Akaona chungu mikononi mwangu. "Baba, mbona hivyo? Acha utani wako bwana."

Nikakipasua. Karanga zikaruka mpaka miguuni pake, vigae vikamkata kidole. Nikatangaza kwa ile sauti yangu ya Mnazi Mmoja kwamba Amosi amekatwa na watu wake, na watoto wote wa mtaa wakajitupa chini kuokota, wanaimba, "Amekatwa! Amekatwa!" Nawe ulikuwa miongoni mwao. Umejaza karanga kwenye gauni, umefurahi kama Krismasi, unamwimba kaka yako.

Nimefika hapa ambapo ningependa kuparuka. Siparuki.

Amosi aligeuka akaanza kuondoka taratibu. Watoto wakamfuata na wimbo wao. Akaongeza hatua, nao wakaongeza. Alipofika barabara kubwa akakimbia. Nadhani alitaka tu kutoka kwenye ile sauti. Sasa wewe ni mtoto wa Kariakoo, nikueleze nini? Mtu aliyechakaa, anakimbia mchana katikati ya maduka, nyuma yake kundi linapiga kelele. Nani atauliza wanaimba nini? Mmoja akasema "Mwizi!" na neno likamtangulia Amosi kona zote.

Nililisikia. Nilikuwa bado kibarazani. Nikajua ni yeye wanayemsema.

Na nilitembea, Rehema. Nilitembea. Mzee wa kanisa, mtu wa koti, Rabi mzima, akimbie mbele ya watu wanaomjua? Nikajiambia watamshika tu, watamtikisa, nitafika nimkemee mbele yao apate adabu. Nikatembea kwa heshima zangu zote, hata nikajibu salamu ya mtu njiani. Nilipofika walikuwa wameshamaliza. Jamaa mmoja alikuwa anajifuta mikono kwa shati lake mwenyewe. Akanipisha kwa adabu kabisa.

"Shikamoo mzee. Kakuibia nini?"

Nikasema, "Ni mwanangu."

Akanitazama. Akasema, "Pole sana mzee. Ungesema mapema."

Mimi sijawahi kusikia mahubiri mafupi kuliko hayo, na sijawahi kuhubiri tena.

Yule mwalimu wa miwani alikuja msibani. Alikaa kwenye mkeka karibu yangu, na mimi ndiye niliyemchokoza. Nikamwambia, "Mwalimu, chungu chako kinafanya kazi vizuri." Nilitaka kumuumiza. Akavua miwani akaanza kulia, kijana wa watu. Akaniuliza, "Mzee, siku ile baada ya chai ulikuwa wapi?"

Ndipo akanipa ile nusu. Kwamba imeandikwa baba alimwona mwanawe angali mbali, akakimbia. Mimi nimesoma mahali hapo mara nyingi kuliko nywele zangu na nilidhani ni furaha tu. Akasema kwa watu wale mzee wa heshima hakimbii. Kanzu yake ni ndefu, akitaka kukimbia lazima aipandishe, miguu ionekane, na miguu ya mzee kuonekana ni aibu ya kuchekwa mtaa mzima. Yeye alikimbia hata hivyo. Kwa wanaoielewa hivyo, aliwaona wanakijiji wanajikusanya, akajua wakimfikia mtoto kwanza watamvunjia chungu. Akawahi. Aibu iliyokuwa ya mtoto akaivaa yeye, watu wakabaki wanacheka miguu yake badala ya kumkata mwanawe. Akamkumbatia pale pale barabarani, na aliyekwisha kukumbatiwa na baba yake hakuna wa kumkata.

"Hiyo ndiyo ilikuwa habari yenyewe, mzee," akaniambia. "Chungu nilikitaja ili tuone alikuwa akiwahi nini."

Nilitaka kumpiga. Kwa nini hakuanza na hiyo? Lakini andazi ni langu, miguu iliyotoka nje ni yangu. Habari nzima ni ya baba anayekimbia, na mimi nilikwenda kuitangaza habari ya karanga.

Sasa nije kwako, maana ndiko nilikokuwa nakwepa.

Huli karanga. Kisamvu kikiwekwa karanga unasogeza sahani unasema umeshiba, na muuza karanga akija anagonga sarafu zake pale kibarazani wewe unaingia ndani. Nimeliona jambo hilo tangu ukiwa mdogo nikajifanya silioni, nikawaambia watu ati zinakuumiza tumbo. Nisikilize. Ule wimbo ulikuwa wangu. Nilikutilia mdomoni nikaupaka bisi juu. Mtoto akimwagiwa karanga ataokota, akisikia wenzake wanaimba ataimba, hakuna mtoto wa taifa lolote angefanya vingine, na waliobuni desturi ile walilijua hilo, ndiyo maana wakaweka karanga. Kaka yako alipoanza kutembea aligeuka mara moja akakutazama wewe. Mimi nilimwona uso. Hakuwa na kinyongo. Alishangaa tu kwamba umekuwa mkubwa.

Ningekuambia hili zamani. Mwaka wowote ungefaa.

Badala yake, ulipokuja kuniambia habari za Salim, kwamba unakwenda kwake na kwa dini yake, nikafanya nini? Nikafungua mdomo huu huu. "Basi ngoja nikanunue chungu kingine." Tena nikacheka. Uso wako ulifunga kama duka siku ya maandamano, na hujaniamkia mpaka leo. Ukasema neno moja tu: "Siku ya kuondoka, baba, usinisindikize."

Na Debora alikuwa ameketi pale pale anachambua mchele.

Nimekwenda kwake mchana huu. Nikamwambia, "Dada, ulikuwa utani."

"Kaka, la Amosi lilianza kama nini?"

Unaona ulimi wa ukoo wetu. Nikamwambia kile chungu nilikifundisha nusu. Akasema, "Nusu hiyo hiyo ndiyo tuliyoielewa. Tumeshamvunjia binti wa Mama Neli, tumemvunjia yule kijana wa kwaya. Leo zamu ya nyumba yako ndiyo unakumbuka nusu nyingine? Watu watasemaje?"

"Watasema Rabi ni mnafiki."

"Wanasema tayari," akanijibu, akaendelea kupepeta mchele wake. Nilijaribu kukichukua kwa nguvu, na dada yangu, mwanamke mwenye sukari na presha, akanisukuma nikakaa kwenye ndoo. Ningekivunja cha leo angenunua kingine. Sijawahi kuhubiri kitu kikashika hivi.

Usidhani nimefurahi na safari yako. Sijafurahi. Niliota nikikukabidhi kanisani na koti jipya, watu wakisema Rabi kafunga mtaa. Nimelia juu ya jambo hili, na mimi nikilia nakuwa mbaya kuliko kawaida. Mzee wa Salim alipokuja na tende zake na adabu zake, akaniambia, "Rabi, mwanao atakuwa mwanangu," nilimjibu, "Wangu mmoja nilimlea mwenyewe, uliza alipo." Akaweka mkono wake juu ya goti langu, hakuuondoa. Mtu huyo hata dukani kwake hapunguzi bei hata kidogo, lakini mkono hakuuondoa. Nikaona huko unakokwenda kuna mtu mzima.

Hizo raba zilizo mlangoni ni za kwangu, usizipige teke. Nimezitoa kwenye bunda la juzi, bado zina meno chini. Nimechomeka barua hii chini ya mlango wako ili uisome kabla hujabeba begi, kwa sababu kuna jambo la asubuhi lazima ulijue.

Ulinikataza kukusindikiza, na nitakutii. Utatoka peke yako kama unavyotaka. Mtu anayesindikiza hutembea, na mimi nimekwisha kutembea vya kutosha. Nitakaa kibarazani mpaka nimwone Debora anainama kukichukua chungu. Nitakuwa nimevaa ile bukta ya buluu, ile uliyosema nikifa nayo mtacheka kwanza ndiyo mnililie. Miguu yangu unaijua, imepinda kama mabano, na goti la kushoto linalia kama bawaba. Wote waninyooshee vidole. Nataka waninyooshee. Wakinitazama mimi hawatakutazama wewe, na nikikufikia kabla ya chungu nitakushika, na kama unanichukia nitakushika hivyo hivyo, halafu na wakipasue basi, kitupate wote wawili.

Ila mtaa huu ni ule ule. Mzee anayekimbia na bukta asubuhi, kuelekea kwa msichana mwenye begi, unajua wataita nini, nawe unajua hawaulizi. Siogopi sana. Nina deni la mbio hizo, na kama zikiishia pale zilipoishia za kaka yako, haitakuwa kuonewa.

Sikuombi unisamehe, hilo nenda nalo Tanga ukalifikirie ukiwa umeshiba. Unaweza pia kuingia garini ukafunga mlango, sitasema umekosea. Lakini ukisikia nyuma yako sauti zinapanda, "Mwizi! Mwizi!", nawe bado una nafasi hata ndogo kwa ajili yangu, usingoje wanifikie. Geuka, Rehema. Waambie mapema mimi ni nani kwako.

Baba yako